Vishikizo Vinne vya Bwejuu

Jumatatu, 13 Januari

Tumesoma orodha tena. Tangu saa mbili na nusu mpaka adhana ya adhuhuri. Mnara wa tangi la maji, nyumba ya wageni ya Jambiani, vipande mia tatu na kumi na sita. Bi Rukia anasoma kwa sauti, mimi natia tiki. Bolti za inchi nusu, arubaini na nane. Tiki. Washa zake, vile vibati vya duara vya chini ya nati, tisini na sita. Tiki. Katikati akapiga chafya, mstari ukampotea, tukarudi juu kabisa. Nilitaka kulia.

Sababu naijua, sina haja ya kuambiwa. Sisi huku Mkunazini tunachora tu. Karakana ya Amani ndiyo inayokata, inayochomelea, inayopakia gari. Na karakana haitazami mchoro. Inatazama orodha. Kitu kama hakimo kwenye orodha hakipandi garini, hata kama kimelala ghalani kinamkodolea macho mtunza ghala. Halafu mafundi wanafika huko pwani wanakuta bolti moja imepungua, na siku nzima imekwenda.

Haya. Lakini asubuhi nzima? Kila mchoro? Miaka tisa?

Bi Rukia ndiye aliyenifundisha kazi. Nilitoka chuoni na maneno mengi, kipanya cha kompyuta nakishika kama sabuni. Alikaa na mimi miezi. Yeye alianza na penseli na karatasi kubwa, akahamia kompyuta akiwa mtu mzima, na bado anachora kwa haraka kunishinda. Ila jicho la kushoto lina mtoto wa jicho, na anasoma pole pole, na mimi subira sina. Sikuzaliwa nayo.

Jumatano, 15 Januari

Nshapata njia.

Kila kipande ndani ya mchoro kina mpangilio wake: kihesabiwe au kisihesabiwe, kikatwe karakana au kinunuliwe dukani. Tunaupanga kwa mkono. Bonyeza, chagua, funga. Bonyeza, chagua, funga. Mara mia tatu. Hapo ndipo makosa yanapoingia, na ndiyo maana ya kusoma kwa sauti. Lakini programu ya kuchorea inakubali kuandikiwa maagizo ikafanya yenyewe. Nimeanza kuandika skripti. Mchana nimekula urojo kwa mkono mmoja, wa pili uko kwenye kibodi. Bi Rukia kaniuliza kama nimeposwa, maana nacheka peke yangu.

Jumatatu, 20 Januari

Imefanya kazi! Mnara wa Jambiani, kazi ya saa nne, imekwisha kwa dakika nne. Nimeilinganisha na orodha yetu ya wiki iliyopita. Minara mingine mitatu ya zamani pia, ile midogo ya mjini. Sawa sawa.

Kanuni saba nimeziandika. Ninayoipenda ni ya tano: kipande kisichoshikana na kingine chochote, kisihesabiwe. Hii kwa ajili ya sinki la Kendwa. Mwaka juzi nilisahau sinki la kunawia mikono pembeni ya mchoro wa paa, likaingia kwenye orodha, likanunuliwa, likapakiwa, likafika Kendwa kwenye kibanda kisichokuwa na bomba wala choo. Fundi Vuai alipiga nalo picha. Mpaka leo karakana wananiita Bi Sinki. Basi kwisha. Takataka yoyote iliyoachwa pembeni haihesabiwi tena.

Tena skripti inajiandikia kumbukumbu: kila ilichokibadilisha, na sababu yake. Nimejisifu kidogo kwa hilo. Kidogo si kweli, nimejisifu mno.

Nimemwonesha Bi Rukia. Kavua miwani, kaifuta, kaivaa. Kauliza swali moja tu.

"Na mkeka wangu?"

Mkeka ni mambo yake. Kila mchoro wa pwani, pembeni ya mnara, mahali patupu, anavipanga kwa safu vile vitu ambavyo mnara hauvitaki lakini mafundi wanavihitaji. Bolti za akiba, maana mchanga unazimeza. Nati. Na vidude vyake vyengine. Vinalala pale kama mtu aliyetandika mkeka akapanga vyombo vya shughuli. Havikushikana na chochote.

Nikamwambia, "Nshaushughulikia, Bi Rukia." Na kweli. Kanuni ya sita inaongeza bolti moja ya akiba kwa kila kumi. Mkeka hauna kazi tena.

"Umeushughulikia?"

"Naam."

Akasema haya.

Jumanne, 28 Januari

Orodha ya Bwejuu imetoka. Mnara mkubwa kuliko yote tuliyowahi kuchora, matangi mawili, mita tisa. Mchoro wa Bi Rukia, skripti yangu. Dakika tano.

Alitaka tuisome. Kashachukua karatasi, kashakohoa. Nikamwambia hapana haja, mashine ishahesabu, tutakuwa tunaisomea mashine kazi yake. Akaisogeza karatasi karibu na macho, akaipeleka mbali, akairudisha. Nikaweka kidole pale panapotiwa saini.

"Haya, wewe ndo mjuzi," akasema, akatia.

Bosi Nassor kafurahi mpaka kafunga ofisi mapema. Nimemnunulia Bi Rukia vitumbua vya Mkunazini, vya moto. Kala viwili kafunga vitatu kwenye karatasi. Nilijiona nimempumzisha.

Alhamisi, 30 Januari

Gari imeondoka kwenda Bwejuu asubuhi. Fundi Vuai na watu wake watano. Joto kali. Umeme umekatika mara mbili.

Jumamosi, 1 Februari

Vuai kaanguka.

Simu imekuja saa tano, nakuna nazi. Walisimamisha upande wa kwanza wa mnara, nguzo mbili na mbavu zake, wakaushikilia kwa kamba na boriti walizoazima kwa jirani. Boriti moja ikateleza mchangani. Upande mzima ukalala chini, na Vuai naye. Paja limevunjika. Wako naye hospitali hapa mjini. Wengine wamechubuka. Hakuna aliyekufa, alhamdulillahi, hakuna aliyekufa. Nimeliandika mara mbili.

Boriti za jirani kwa nini? Kwa sababu vishikizo havikuwemo garini. Vile vyuma vinne virefu vyenye miguu, vinavyoushikilia mnara usimame mpaka pande zote nne zifungwe pamoja. Kazi ikimalizika vinarudi ghalani. Havimo kwenye mnara. Havishikani na mnara. Vinakaa mkekani.

Nimefungua kompyuta juu ya meza ya jikoni, nazi bado iko mkononi. Vimo. Kwenye mchoro wa Bi Rukia, pembeni, vinne, vimepangwa sambamba. Halafu nimefungua kumbukumbu ya skripti. Mstari upo.

*Kishikizo, 4. Kisihesabiwe. Sababu: hakijashikana na kipande kingine.*

Kanuni ya tano. Yangu.

Aliniuliza. Aliniuliza kwa mdomo wake, na mkeka wangu? Mimi nikafikiria bolti tu. Sikufungua mchoro hata mmoja wa pwani nikatazama nini kimelala pale. Na minara mitatu niliyoijaribia ilikuwa ya mjini, haina mkeka. Ule wa Jambiani una mkeka wa bolti peke yake, maana mnara wenyewe mfupi, unasimama bila vishikizo.

Nazi nimeiacha. Mama kaikuna.

Jumatatu, 3 Februari

Kikao. Bosi Nassor kaweka orodha juu ya meza, kaigeuza mpaka saini ikatazama upande wetu. Saini ya Bi Rukia. Pale pale nilipomwekea kidole changu.

Mtu wa karakana akaeleza. Vuai alipiga simu Ijumaa, mbona vishikizo havipo? Wakatazama orodha, wakamwambia havimo. Akasema basi, kama Bi Rukia hakuviweka ana maana yake, huenda mnara huu unasimama vyengine. Akaenda kuazima boriti. Hakubisha. Mtu aliyekuwa akibishana na mimi juu ya kila washa.

Niliingia kikaoni nimeshika maneno. Wallahi nilikuwa nayo. Nilisema nitaanza na "Bosi, kosa langu." Nimeyarudia njiani kuanzia Darajani.

Bi Rukia akatangulia. "Lazima nilisahau," akasema. "Nilivichora, nakumbuka nilivichora. Lazima nilisahau kuviwekea mpangilio." Alisema kama anayeuliza. Akatazama huku na huku, apate mtu wa kumwambia siyo.

Nikatazama kalamu yangu.

Bosi akasema mambo ya macho, na umri, na kwamba hakuna anayemlaumu. Kwa sauti ya upole. Hakuna sauti mbaya kuliko ile. Na mimi kimya. Mwoga. Mwoga mkubwa, niandike hapa angalau pawe na mahali palipoandikwa.

Baada ya kikao nimerekebisha kanuni ya tano. Dakika tatu. Halafu nikafuta kumbukumbu.

Alhamisi, 6 Februari

Bi Rukia kaniita mezani kwake bosi alipokwenda kuswali.

"Hebu nitizamie, mwanangu. Mimi sijiamini. Vimo?"

Mchoro wa Bwejuu uko wazi. Nikamwambia vimo.

"Vimewekwa vihesabiwe?"

Kioo kinaonesha: visihesabiwe. Skripti ilivibadilisha, ikahifadhi. Nikasema hapana, havikuwekwa. Ni kweli. Kila neno nililosema lilikuwa kweli.

"Basi ni mimi," akasema. Akakaa. "Nnakumbuka naviweka, Asya. Nnauona mkono wangu unabonyeza. Na kumbe sikubonyeza."

Hapo ningesema. Hapakuwa na mtu. Mlango umefungwa, yeye na mimi tu, na ndiye mtu pekee duniani ambaye angenisamehe pale pale. Nikamwambia usijali, Bi Rukia, kila mtu husahau.

Nikarudi mezani kwangu.

Jumatatu, 10 Februari

Nimekwenda kumtazama Vuai. Mguu umening'inizwa kwa uzito. Ndevu zimeota vibaya. Kanidhihaki kwa lile sinki, nikacheka nisijue nacheka nini.

Anamhurumia Bi Rukia. Yeye! Aliyelala mgongo. Kasema nimfikishie salamu, asijitie simanzi, binadamu. Kasema kila wakifika pwani kitu cha kwanza kukitafuta garini ni vishikizo, na hajawahi kuvikosa hata siku moja tangu ameanza kazi na yule bibi. Ndiyo maana alipovikosa akaamini.

Nilimpelekea machungwa. Nikayaweka, nikakimbia.

Alhamisi, 13 Februari

Bi Rukia kaomba kupumzika. Imebaki miaka miwili ya kustaafu, kasema haidhuru, hataki kuvunja mguu wa mtu mwengine. Bosi Nassor kamkubalia haraka haraka, kama mtu aliyetuliwa mzigo mzito. Chai, keki, saa ya ukutani yenye picha ya maua. Wa karakana wote wamekuja. Wengine walikwepa kumtazama.

Mimi kaniachia kioo chake cha kukuzia maandishi.

"Utanikumbuka kwa kukuchosha," akasema, akacheka. Nikacheka.

Kashuka ngazi akishika ukuta. Zamani hakuwa akishika ukuta.

Jumatano, 19 Februari

Kazi ya Kendwa. Orodha dakika tano. Hakuna wa kuisoma. Nimeikagua kwa macho mara nne, nikaituma, nikapiga simu karakana kuirudisha, nikaikagua tena. Mtunza ghala kaniuliza kama mzima.

Najichukia. Sina la kuongeza.

Jumamosi, 22 Februari

Darajani, sokoni, nanunua ndizi mbivu. Nimekutana na Mwanaidi, binti yake Bi Rukia. Nikamwuliza mama hajambo.

Kasema mama kabadilika. Hatoki peke yake. Kaandika karatasi kaibandika nyuma ya mlango: funguo, gesi, bomba. Wiki iliyopita kamwita Mwanaidi kamwambia njoo uchukue hili jiko la gesi, kichwa changu kinanitoka, nitakuunguzieni nyumba. Wakabisha, kashikilia. Sasa anapelekewa chakula kwenye bakuli na mjukuu wake. Na sala. Anaswali adhuhuri, anakaa, anaingiwa na wasiwasi kama rakaa zilikuwa tatu au nne, anainuka anaswali upya. Siku nyengine mara tatu.

"Sote tulikuwa tunamwona mzima," Mwanaidi akasema. "Kumbe lile la kazini lilikuwa dalili."

Nilidhani nimemwibia kazi. Nikajiambia anapumzika, miaka miwili tu, anastahiki kupumzika. Nilikuwa nalala kwa hilo.

Nimemwibia akili yake. Nimekaa nayo mfukoni wiki tatu.

Ndizi nimeziacha kwa muuzaji. Kesho nnakwenda Michenzani, kwa Bi Rukia. Nimeliandika, sasa siwezi kujidai sikusema.

Jumapili, 23 Februari

Ghorofa ya tano. Nimesimama kila kituo cha ngazi. Mlango kafungua mwenyewe, lakini kauliza nani mara mbili.

"Shikamoo, Bi Rukia."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Leo Jumapili?"

"Leo Jumapili."

"Nilidhani hivyo," akasema, na uso ukatulia kidogo. Kwa kujua siku tu. Nikataka nipasuke.

Nimemwambia nimesimama, sikukaa. Kanuni ya tano. Sinki. Kumbukumbu iliyojiandika, na kwamba niliisoma, na kwamba niliifuta. Kikao. Lile la "hapana, havikuwekwa." Yote. Nilikuwa nalia lakini nilimaliza.

Hakupiga kelele. Angepiga kelele ningeshukuru.

"Kwa hiyo niliviweka?"

"Uliviweka."

"Vyote vinne?"

"Vyote vinne, Bi Rukia. Ulibonyeza. Mimi ndiye niliyevibadilisha."

Akashusha pumzi ndefu, kama iliyokaa kifuani muda wote huo. Akatazama mkono wake wa kulia. Akaufungua, akaufunga.

"Ulijua lini?"

"Siku ile ile. Jumamosi."

Akahesabu kwa vidole. Pole pole, kwa sauti, ile sauti ya kusomea orodha. Hakukosea hata siku moja.

"Ishirini na mbili," akasema. Halafu, "Na Alhamisi ile nilikuita mezani. Nikakuuliza."

"Naam."

"Nikakuuliza, Asya."



Halafu akasema, "Nenda kwa Mwanaidi, ghorofa ya pili, kaniletee jiko langu."

Nikashuka. Nikambebea mtungi wa gesi kwanza, ngazi za ghorofa tatu, mtungi mzima umejaa. Halafu jiko lenyewe. Mwanaidi kaniuliza kuna nini, nikamwambia mama yako hana ugonjwa wowote, mgonjwa mimi. Nikaufunga mpira. Bi Rukia akanisogeza pembeni kwa kiwiko, akakaza mwenyewe, akanusa, akawasha kiberiti. Moto ukakaa sawa. Akautazama muda mrefu kuliko mtu anavyotazama moto wa jiko.

Akateleka chai. Akatia iliki. Akamimina kikombe kimoja.

Kimoja. Akakaa nacho mbele yangu, akanywa mpaka chini, mimi nimesimama. Tangu nimjue mwanamke yule sijawahi kuingia mahali alipo nikakosa kikombe. Hata ofisini, hata siku tulizogombana.

Alipomaliza akasema, "Nenda kamwambie Vuai. Vuai kwanza, halafu Nassor."

Nikitoka nilimsikia anabandua karatasi nyuma ya mlango.

Jumatatu, 24 Februari

Vuai kanisikiliza, akageuza uso ukutani. Nikasimama pale. Mwishowe akasema, bila ya kugeuka, kwamba mguu ni kadari, lakini alilala pale wiki tatu akimsikitikia mtu kwa kosa ambalo si lake. Akasema niende.

Bosi Nassor ni mwengine. Kauliza kama kanuni ishatengenezwa. Ishatengenezwa, tangu siku ile. Basi, kasema, Bi Rukia keshaondoka, kapewa zawadi zake, mteja keshapoa, yaishe. Ati nisimsumbue mtu. Nilijitayarisha kufukuzwa. Kumbe kosa langu halina hata uzito wa kufukuziwa, Bi Rukia aliondoka kwa la uongo, mimi nabaki kwa la kweli.

Nimepandwa na hasira, labda mara ya kwanza mwaka huu kwa jambo la haki. Nimemwambia ampigie Bi Rukia simu mbele yangu, amwambie. Kampigia. Kamwambia kwa maneno mazuri, kamwambia arudi akitaka. Nilisikia sauti yake kutoka upande wa pili, kavu: ahsante, bwana, lakini hapana. Basi.

Halafu nimeandika barua. Ukurasa mmoja na nusu, kwa jina langu kamili, kosa lilikuwa la nani na nani hakusahau kitu. Nimekwenda nayo Amani nikaibandika kwenye mlango wa ghala, pale wanapotia saini wakichukua vyuma. Mtunza ghala kaisoma yote, midomo inakwenda. Hakuniita Bi Sinki. Hakuniita chochote.

Alhamisi, 27 Februari

Bi Rukia simu zangu hazipokei. Nimepiga mara moja kila siku, baada ya alasiri, si zaidi. Leo nimeacha. Nadhani simu zenyewe zilikuwa kwa ajili yangu, si yake.

Jumanne, 4 Machi

Siku ya tatu ya Ramadhani. Mji kimya asubuhi. Maduka ya chini yamefunguliwa nusu mlango.

Nimemwona Mwanaidi jana kwa mbali, akaja mwenyewe. Mama anapika futari kwa nyumba nzima, kasema, anawafukuza jikoni. Anaswali mara moja, anatoa salamu, anainuka. Hakusema kama mama kaniulizia. Mimi sikuuliza.

Mnara wa Matemwe. Vipande mia tatu na tisini. Nimeutandika mkeka kabla ya yote, pembeni ya mchoro, kwa safu kama alivyokuwa akiupanga yeye, vishikizo mbele, bolti za akiba nyuma yake. Skripti imetoa orodha kwa dakika tano. Nimeichapisha. Bosi hayupo, ofisi tupu.

Nimekaa kwenye kiti chake. Nimechukua kioo chake cha kukuzia, ingawa macho yangu mazima. Nimeanza kusoma kwa sauti.

Bolti za inchi nusu, hamsini na sita. Nikaweka karatasi chini, nikatia tiki, nikaiinua tena. Washa zake, mia na kumi na mbili. Nikaiweka chini. Koo limekauka kwa saumu na hakuna maji. Mara mbili mstari ulinipotea, nikarudi juu kabisa.

Vishikizo, vinne.

Hapo nikatazama upande wa pili wa meza, kwenye kiti nilichokuwa nikikaa mimi. Halafu nikatia tiki.

Nimemaliza adhana ya adhuhuri inaanza. Muda ule ule.